Malipo ya korona kwa wakulima wa Marekani: ng'ombe walihesabiwa, hasara haikupimwa

Aprili 2020 wafugaji wa Wisconsin walikuwa wakimwaga maziwa kwenye mabwawa ya samadi na wakulima wa Idaho wakifukia vitunguu mitaroni, huku mijini watu wakikuta rafu za maduka hazina kitu. Picha hizo ziliisukuma serikali ya Marekani ifungue mfuko. Mwaka ulipokwisha, malipo ya moja kwa moja kutoka serikalini kwenda kwa wakulima yalikuwa yamepita dola bilioni 45, zaidi ya maradufu ya mwaka 2019. Na hapa ndipo wengi hushtuka: mapato halisi ya sekta ya kilimo kwa jumla yalipanda katika mwaka huo wa janga.

Inakuwaje sekta iliyopigwa na janga ifunge mwaka ikiwa na fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia? Na inakuwaje, katikati ya neema hiyo, mkulima wa mboga mwenye ekari tatu, aliyekuwa akiuzia mikahawa ya mji wa jirani, aambulie kidogo au akose kabisa? Maswali hayo mawili yana jibu moja. Hasara ya mtu mmoja mmoja haikupimwa. Serikali ilitafuta vitu vinavyohesabika upesi, yaani vichwa vya ng'ombe, busheli (kipimo cha ujazo wa nafaka) za mahindi, ekari na uzito wa maziwa, ikavipangia viwango, ikalipa. Mwenye vingi vya kuhesabiwa alipata vingi.

Ili kuona jinsi mambo yalivyofika hapo, lazima kwanza tujue ni kitu gani hasa kilivunjika.

Chakula kilikuwepo, njia ilikatika

Kabla ya korona, karibu nusu ya fedha ambazo Wamarekani walitumia kwa chakula zilikwenda kwa vyakula vya nje ya nyumba: mikahawa, shule, hoteli, kantini za ofisini. Machi 2020 milango hiyo ilifungwa karibu kwa wakati mmoja. Kiwanda kilichozoea kujaza maziwa kwenye pakiti ndogo za wanafunzi hakiwezi kugeuka wiki hiyohiyo kikaanza kujaza galoni za dukani. Mashine ni tofauti, vifungashio ni tofauti, na hata mikataba ya wasafirishaji ni tofauti. Ng'ombe naye hana habari za janga, anakamuliwa asubuhi na jioni kama kawaida.

Kisha ugonjwa ukaingia machinjioni. Kiwanda kikubwa cha nguruwe cha kampuni ya Smithfield mjini Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa katikati ya Aprili, na kile cha kampuni ya Tyson kilichoko Waterloo, Iowa, kikafuata siku chache baadaye. Nyama ilipanda bei dukani wakati mifugo ikishuka bei zizini, kwa kuwa kilichopungua ni mikono na nafasi ya kuchinjia, wala si mifugo. Nguruwe waliokomaa walikosa pa kwenda, na wafugaji wengine wakalazimika kuwaua na kuwafukia. Tarehe 28 Aprili Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi.

Tangu mwanzo, basi, hasara hazikufanana. Wapo walioumizwa na bei. Wapo waliopoteza mnunuzi ingawa bei ilikuwa nzuri. Na wapo ambao biashara yao ilipaa: mashamba madogo yanayouza vikapu vya mboga kwa wateja wanaolipia msimu mzima kabla ya mavuno yalishtukia foleni ya watu wanaotaka kujiandikisha. Mpango wa haki ungepaswa kuwatenganisha watu hawa, lakini huu haukuwatenganisha.

Fedha zilitoka mifuko miwili

Sheria kubwa ya msaada wa korona, maarufu kama CARES, ilitiwa saini tarehe 27 Machi 2020. Ndani yake Wizara ya Kilimo, yaani USDA, ilipewa dola bilioni 9.5 za kuwasaidia wakulima, na sheria yenyewe ilitaja kwa jina wafugaji, wazalishaji wa maziwa, wakulima wa matunda na mboga, na wale wanaouza chakula karibu na wanakolima, kwenye masoko ya wakulima, mikahawa na shule. Kwa hiyo mkulima mdogo wa mboga hakusahauliwa na Bunge. Alipotelea baadaye, kwenye fomula.

Mfuko wa pili ni chombo ambacho Wamarekani wengi hawakijui: shirika la serikali liitwalo CCC, lililoanzishwa mwaka 1933 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Linaweza kukopa Hazina hadi dola bilioni 30, na waziri wa kilimo ana uhuru mpana wa kuamua fedha hizo zitumikeje bila kurudi bungeni kila mara. Mfuko huu ndio uliotumika mwaka 2018 na 2019 kuwalipa wakulima wa soya na wengine walioumizwa na vita vya kibiashara na China. Korona ilipoingia, watumishi wa USDA walikuwa wametoka tu kugawa mabilioni kwa hesabu ya kiwango mara wingi, na mfumo ulikuwa umewakaa vidoleni. Kwa maoni yangu jambo hili linaeleza mengi kuliko nadharia zozote za njama, kwani wizara ilitumia chombo kilichokuwa mkononi.

Tarehe 17 Aprili 2020 Waziri Sonny Perdue alitangaza mpango wa dola bilioni 19, uliojulikana kwa kifupi kama CFAP. Bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua chakula na kukipeleka kwa wenye shida. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei.

Awamu ya kwanza: kalenda iliamua nani alipwe

Kanuni ya awamu ya kwanza inasikika rahisi. Zao au mnyama ambaye bei yake ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili 2020 anaingia kwenye orodha. Ukiwa naye, unalipwa.

Tumchukue mfugaji wa ng'ombe wa nyama. Kila ng'ombe aliyenenepeshwa tayari kwa kuchinjwa, akauzwa kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili, alilipiwa dola 214. Ng'ombe ambaye siku hizo alikuwa bado hajauzwa alilipiwa dola 33, kwa hesabu ya mifugo iliyokuwepo zizini kati ya tarehe 16 Aprili na 14 Mei. Sasa fikiria wafugaji wawili majirani. Wa kwanza amewauza ng'ombe 300 tarehe 14 Aprili. Wa pili amewauza 300 kama hao wiki moja baadaye, machinjio yakiwa yanafungwa mfululizo na soko likiwa limezidi kuharibika. Wa kwanza anapata dola 64,200. Wa pili, aliyeumia zaidi, anapata dola 9,900. Kilichoamua ni siku ya kuuza, basi.

Maziwa yalikuwa na fomula yake. Kila ratili 100 za maziwa yaliyozalishwa robo ya kwanza ya mwaka zililipiwa dola 4.71, kisha robo ya pili ikakadiriwa kwa kuzidisha uzalishaji huohuo kwa 1.014 na kulipia dola 1.47. Mwenye ng'ombe 100 wanaotoa jumla ya ratili 600,000 kwa robo, kiasi cha kilo 272,000, alipata kama dola 37,200. Maziwa aliyolazimika kuyamwaga yalihesabiwa pamoja na aliyoyauza, na hapo kwa kweli wizara ilifanya jambo la busara.

Mkulima wa mboga ndiye aliyebanwa na kalenda. Katika majimbo ya kaskazini, Januari 15 hadi Aprili 15 ni theluji na udongo ulioganda. Msimu wake unaanza Mei au Juni. Hata akiwa amepoteza mikahawa yote iliyokuwa ikimnunulia, ndani ya dirisha hilo hakuwa na cha kuonyesha. Aliyekuwa na kitu, mathalani mchicha wa kwenye vitalu vilivyofunikwa, alikuta vizingiti vingine. Kila zao lilikuwa na kiwango chake kwa ratili, na mashamba ya namna hii hulima mazao 30 au 40 kwa pamoja, mistari michache ya kila kimoja. Tena bei zilizotazamwa zilikuwa za masoko ya jumla. Aliyekuwa akimuuzia mpishi nyanya za aina adimu kwa bei mara kadhaa ya bei ya jumla alilipwa kana kwamba anauza kwa lori. Na kama zao lake halikuwa na takwimu za bei serikalini, halikuwemo kabisa kwenye orodha ya mwanzo. Mengi yaliongezwa Julai na Agosti, yakiwemo maua ya kukata na miche ya bustani, baada ya wakulima kuandika na kulalamika.

Mayai ya kawaida yaliachwa nje kwa sababu bei yake ilipanda Machi, watu walipokuwa wakijaza friji. Kwa kanuni ya asilimia 5 hilo ni sawa. Kwa mfugaji ambaye mayai yake yalikuwa yakienda hotelini, bei ya dukani ilikuwa haimhusu.

Ofisi, fomu na ukomo

Fedha zilipitia kwa wakala wa USDA uitwao FSA, wenye ofisi zaidi ya 2,000 katika kaunti za nchi nzima. Mkulima wa mahindi au soya ameizoea ofisi hiyo kama anavyolizoea duka la mbolea. Shamba lake lina namba, ramani yake imo kwenye faili, na karani anamjua kwa jina. Muuza mboga wa sokoni mara nyingi hajawahi kukanyaga pale, maana ruzuku za kawaida za Marekani hazimlengi yeye. Ilimbidi aanzie mwanzo: kuandikisha shamba, kuthibitisha kipato, kusaini tamko la kutunza udongo na ardhi oevu, kutoa namba ya benki. Yote hayo kwa simu na barua pepe, kwani ofisi zenyewe zilikuwa zimefungiwa wageni kwa ajili ya korona.

Palikuwa na ukomo pia. Mtu mmoja hakuruhusiwa kupata zaidi ya dola 250,000 kwa awamu. Kampuni yenye wanahisa hadi watatu wanaofanya kazi shambani, angalau saa 400 kila mmoja, iliweza kufika dola 750,000. Mwenye wastani wa kipato cha zaidi ya dola 900,000 kwa mwaka alikataliwa, isipokuwa kama asilimia 75 ya kipato hicho kilitokana na kilimo. Ukomo wa dola 250,000 unasikika mkali mpaka uupigie hesabu: kwa dola 214 kwa kichwa, unaufikia ukiwa na ng'ombe wasiopungua 1,169. Kwa hiyo ulimgusa mkubwa wa wakubwa, na wa kati ulimwacha alivyo. Ili malipo yasipite bajeti, kila mtu alipewa kwanza asilimia 80 ya stahili yake, na asilimia 20 iliyobaki ikatolewa baadaye ilipoonekana kwamba fedha zinatosha.

Awamu ya pili: dirisha lilifunguliwa, kipimo kikabaki kilekile

Tarehe 17 Septemba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Trump alitangaza awamu ya pili kwenye mkutano wa kampeni huko Mosinee, Wisconsin. Kila mtu anaweza kujisomea mwenyewe maana ya mahali na wakati huo. Maombi yalipokelewa kuanzia tarehe 21 Septemba hadi 11 Desemba.

Kwa wauza mboga na matunda awamu hii ilikuwa afueni ya kweli. Orodha ya mazao na viwango vya ratili vilitupwa, ikachukuliwa asilimia ya mauzo ya mwaka 2019: asilimia 10.6 kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, asilimia 9.9 kwa yanayofuata mpaka kabla ya 100,000, na kuendelea kushuka taratibu mpaka asilimia 8.8 kwa yanayopita milioni moja. Aliyeuza mboga za dola 80,000 mwaka 2019 alipata takriban dola 8,270, hata kama alilima aina 40. Mauzo ya sokoni na ya vikapu yalihesabiwa kwa bei halisi aliyouzia. Jamu na achari hazikuhesabiwa, kwani kilichotakiwa ni thamani ya zao ghafi. Aliyeanza kulima mwaka 2020 aliruhusiwa kutumia mauzo ya mwaka huohuo. Mayai nayo yakaingia, senti 5 kwa dazeni.

Lakini tazama kilichotokea. Hakuna mahali alipoulizwa kama mwaka 2020 alipata hasara. Yule aliyepoteza mikahawa yake yote na yule aliyeongeza wateja wa vikapu mpaka akawakataa wengine walilipwa asilimia ileile, ya mauzo ya mwaka ambao korona ilikuwa haijafika. Mazao kadhaa yalilipiwa dola 15 kwa ekari bila kutazama bei. Mahindi, soya na ng'ombe nao walikuwemo tena, na ukomo wa dola 250,000 ulianza upya, mbali na ule wa awamu ya kwanza.

Mei 2020 mtindo huu ulikuwa na utetezi. Kupima hasara halisi kunahitaji vitabu vya hesabu vya mwaka mzima, na mwaka ulikuwa haujaisha. Anayedaiwa na benki hawezi kungoja. Septemba utetezi huo ulikuwa umechakaa. Bei za mahindi na soya zilikuwa zimeanza kupanda, China ikinunua kwa wingi, na bado malipo yalitoka. Mwenye nacho aliongezewa.

Waliosahaulika zaidi kuliko muuza mboga

Kuku wengi wa nyama wa Marekani hulelewa kwa mkataba. Mkulima anamiliki banda na deni la banda, lakini vifaranga, chakula na kuku ni mali ya kampuni. Machinjio yakipunguza kasi, kampuni inachelewesha kuleta vifaranga, na mkulima anakaa na banda tupu huku marejesho ya benki yakiendelea. Awamu zote mbili zilimkataa kwa sababu ya kitaalamu: asiyemiliki kuku hana hatari ya bei. Ni sababu sahihi kwa karatasi, na ya ajabu ukiwa umesimama ndani ya banda. Sheria ya Desemba 2020 ndiyo iliyomwingiza, ikiruhusu fidia ya hadi asilimia 80 ya mapato yaliyopotea. Sheria hiyohiyo ililipia dola 20 zaidi kwa ekari za mazao makuu, na ikafungua mlango wa kuwafidia waliolazimika kuua mifugo yao.

Suala la rangi lilikuja kwa njia yake. Kwa kuwa malipo yalifuata ukubwa wa shamba, na mashamba makubwa ya nafaka na mifugo yamo karibu yote mikononi mwa wazungu, fedha nazo zilikwenda huko. Sheria ya msaada ya Machi 2021 ilijaribu kurekebisha kwa kutenga takriban dola bilioni 4 za kufuta madeni ya wakulima weusi, Wahispania, wenyeji wa asili na wenye asili ya Asia. Wakulima wazungu walikwenda mahakamani wakidai kubaguliwa, na Juni mwaka huohuo majaji wakasimamisha utekelezaji. Agosti 2022 Bunge liliifuta sehemu hiyo, likaweka badala yake mifuko miwili isiyotaja rangi: dola bilioni 3.1 kwa wakopaji waliozidiwa, na bilioni 2.2 kwa yeyote aliyebaguliwa na USDA katika mikopo.

CFAP yenyewe ilimaliza ikiwa imelipa zaidi ya dola bilioni 31. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilitoa ripoti ikiitaka USDA ihakiki malipo hayo kwa ukali zaidi, kwani maombi mengi yalitegemea neno la mwombaji mwenyewe kuhusu idadi ya mifugo au kiasi cha mauzo.

Kisha, Januari 2023, USDA ilifungua mpango ambao wengi walikuwa wameuomba tangu Aprili 2020. Uliitwa PARP. Haukuuliza una ng'ombe wangapi wala ekari ngapi. Ulimtaka mkulima alete mapato ghafi ya mwaka 2020, ayalinganishe na ya 2018 au 2019, na kama yameshuka kwa asilimia 15 au zaidi, anaingia. Malipo ya korona aliyokwisha kupokea yalikatwa kwanza, na ukomo ulikuwa dola 125,000. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kunakili tarakimu kutoka kwenye fomu za kodi za mwaka 2020, ambazo kufikia wakati huo zilikuwa zimeshakaa kabatini karibu miaka miwili.